Mbegu za Wazee na Kifua cha Nafula

Nyinyi wasichana mnaoshika mwiko wangu sasa mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Mmeniomba kwa adabu na mmeniletea sukari, kwa hiyo nitaandika. Lakini msitegemee maneno matamu. Mimi nilisoma kitabu cha kwanza chote na nusu ya kitabu cha pili. Nusu iliyobaki uji uliungua nikaitwa jikoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyenirudisha darasani. Mambo ya kupandishwa cheo hamtayaona hapa pia. Mpishi hapandishwi cheo. Mpishi huongezewa sufuria.

Kazi niliianzia Kitale, kwenye shamba la Mzungu mmoja wa mahindi, wakati reli ilikuwa imefika juzijuzi na watu wakienda kuitazama kama wanaokwenda kutazama bibi harusi. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa. Niliwekwa chini ya mpishi aitwaye Barasa, mtu wa Myanga, mfupi, mkali, mwenye macho mekundu kama ya mlevi, na pombe alikuwa haonji. Siku ya kwanza aliniambia niwashe moto. Nikachukua kuni zilizokuwa karibu na mlango, nikazipanga vizuri, nikapuliza. Moshi ukajaa mpaka tukawa hatuonani. Nikasikia sauti yake kutoka ndani ya moshi, pole pole kabisa:

“Dada, wewe unapika ama unarina asali?”

Kuni zilikuwa mbichi. Akazichomoa moja moja, akazitupa nje, akanipa shoka. Wiki nzima sikugusa chakula, nilipasua kuni tu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amekwisha kunifundisha nusu ya kazi. Kuni zikatwe msimu huu, zichomwe msimu ujao. Ukikoroga, simama upande hewa inakotokea. Ukiwa na pilipili mkononi na moshi machoni, pangusa macho kwa kiwiko. Na mwiko usinunue. Chonga mwenyewe kutoka mti mgumu, uwe mrefu kuliko mkono wako, ili uso wako ukae mbali na sufuria. Mwiko mnaoutumia leo niliuchonga kwa mfano wa ule wa Barasa, na yeyote atakayeupasua kwa kugongea mlango ajue kwamba mimi bado ninatembea.

Jiko lile lilikuwa mbali na nyumba ya Wazungu, ng'ambo ya uwanja. Chakula ni chao, moshi ni wetu, na uwanja ukae katikati. Lilikuwa na dirisha moja, na Memsabu, yaani mke wa Bwana, alilipigilia misumari kwa sababu sukari ilikuwa inapungua. Halafu Memsabu huyohuyo alikuwa anakuja kila Jumatatu, anasimama mlangoni, leso puani, na kutuhutubia juu ya hewa safi. Ati Waafrika wanakohoa kwa sababu hawapendi hewa safi. Ati tufungue madirisha. Barasa alikuwa anajibu, “Ndiyo, Memsabu,” huku ameegemea ile misumari. Sukari iliendelea kupungua. Alikuwa anailamba mtoto wa Memsabu.

Barasa alikuwa na kifua kibaya. Asubuhi, kabla ya moto, alikuwa mtu mzima kama wengine. Jioni ukimkaribia unasikia ndani yake kama paka amefungiwa kabatini. Bwana alisema ni tumbaku. Barasa hakuvuta tumbaku, lakini alikuwa hawezi kumbishia Bwana, kwa hiyo alipoacha kazi aliambiwa aache na tumbaku pia. Siku anafunga mzigo wake kurudi Myanga nilimuuliza kwa nini hakusema ni moshi. Akacheka, akakohoa, akacheka tena.

“Moshi hauna mwenyewe, dada. Ukiuliza ni wa nani, kila mtu atakuambia ni wa mpishi.”

Neno hilo nililibeba. Nikaolewa, nikazaa, nikamzika mume, na neno bado lilikuwepo. Nilipohitaji kazi tena nilikuwa nimerudi upande wa Bungoma, nikapata hii ya shule ya wasichana ya misheni, karibu na Kabuchai. Jiko mnalijua. Lakini nyinyi mnalijua lilivyo sasa. Sikilizeni lilivyokuwa.

Lilikuwa la udongo, paa la nyasi, dirisha moja la ukubwa wa Biblia iliyofunguliwa. Juu kabisa penye kilele palikuwa na tundu, na moshi ulitoka hapo, si wote, lakini ulitoka. Mimi na tundu lile tulielewana. Kisha wazee wa kanisa, ambao pia ndio waliokuwa kamati ya shule, wakagundua jiko letu.

Kila mtu wa huku anajua kwamba mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya meko. Unachagua mahindi mazuri kuliko yote, unayafunga mawili mawili kwa maganda yake, unayaning'iniza kwenye miti ya paa, na moshi unayafanya meusi mpaka fukusi akitazama anaona afadhali akale kwingine. Mama zetu walifanya hivyo, na hakuna ubaya. Lakini nyumbani moto wa mama ni mdogo, wa asubuhi na jioni. Moto wa shule unawaka tangu uji wa alfajiri mpaka ugali wa jioni. Mzee mmoja akaona. Akaleta mbegu zake zikae “kwa muda.” Wa pili akaleta. Baada ya mavuno mawili hakuna mzee aliyekuwa na mbegu nyumbani kwake; zote zilikuwa juu ya kichwa changu. Kutoka Kabuchai mpaka Matulo hapakuwa na moshi mnene kama wetu, na wazee waliusifu kama watu wanavyosifu kwaya. Mwisho mmoja wao akaona kwamba moshi mwingine unatoka kupitia tundu na kupotea bure. Wakaleta fundi, akapanda juu, akaliziba kwa udongo na nyasi. Kamati ikaandika shukrani kwa fundi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Wekesa. Alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe, na alikuwa na mbegu nyingi kuliko wengine.

Baada ya vita vikubwa vya pili nilipewa msaidizi. Jina lake Nafula, mke wa mwana wa Mzee Wekesa. Mumewe alikuwa Kitale kwenye kazi za reli, na reli ilikuwa imempenda mno, haikumruhusu hata kuandika barua. Nafula alikuwa na binti mmoja, na makubaliano yalikuwa haya: Nafula apike, binti asome. Siku Nafula atakapoacha mwiko, binti ataacha dawati. Nimewahi kuona mikataba mingine maishani, ya Wazungu yenye mihuri, lakini hakuna niliyoona watu wakiishika kwa nguvu kama Nafula alivyoishika hii.

Alikuwa mpishi. Sisemi hivyo juu ya kila mtu, na wawili kati yenu mnajijua. Alikuwa anaonja chumvi kwa kunusa. Lakini mwaka wa kwanza haujaisha nikasikia sauti ninayoijua, yule paka wa kabatini. Pumu. Ilianza kwa kikohozi cha jioni. Kisha ikawa anakoroga ugali na kupumzika, anakoroga na kupumzika, ameshika mti wa katikati, mabega yamepanda mpaka masikioni, akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba kisimani na ndoo haifiki.

Hapo watu wote wa Kabuchai wakawa waganga. Mmoja alisema ni baridi ya mlima, akae karibu zaidi na moto. Mwingine alisema amerogwa na mke mwenza, na mke mwenza hakuwa naye. Mhubiri alisema kifuani kuna dhambi ambayo haijaungamwa, na ikitoka, pumzi itatoka nayo. Nafula akaungama. Aliungama Jumapili baada ya Jumapili mpaka dhambi zake zikaisha, ikabidi nimwazime zangu. Kifua kikabaki palepale.

Tukaenda zahanati ya Bungoma. Mganga wa pale, mtu mpole mwenye koti jeupe, alimsikiliza mgongo, akatupa unga ndani ya kikopo. Akatuonyesha: unaweka unga kwenye kisahani, unauwasha, unainamisha kichwa na kuvuta moshi wake. Nikamtazama. Nikamwambia, “Daktari, sisi tumetoka kwenye moshi, tumetembea jua lote hili, unatupa moshi mwingine wa kwenda nao?” Akasema huo ni moshi wa dawa. Na siwezi kusema uongo, ulimsaidia. Ulimfungua kifua kwa saa moja au mbili. Kisha anarudi jikoni na moshi ambao si wa dawa unamfunga tena. Ilikuwa kama kumwopoa mtu kutoka mtoni, kumpangusa vizuri, na kumrudisha mtoni.

Likizo ndiyo iliyonifungua macho, na si mimi peke yangu. Ilimfungua macho kila mtu, ila kila mtu aliona chake. Shule ikifungwa, moto ukizimwa, Nafula alikuwa anapona. Alipanda kilima na mzigo wa kuni kichwani huku anaimba. Shule ikifunguliwa, siku chache tu, kifua kinapiga filimbi tena. Mimi nikasema: basi ni jiko. Wazee wakasema: basi ni uvivu. Ugonjwa gani huo unaojua tarehe ya kufungua shule? Mtu anaimba likizo, anakufa siku za kazi. Na mkisikia hivyo bila kuingia jikoni, si mngesema hivyohivyo?

Na Mzee Wekesa hakuingia jikoni. Hakuweza kuingia. Desturi yetu mnaijua: baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima ya kuogopana. Hawashikani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawasemeshani uso kwa uso. Tangu Nafula aanze kazi, Mzee alikuwa hata hapiti upande ule wa uwanja. Kwa hiyo tulikuwa na mwenyekiti wa jiko ambalo miguu yake haijakanyaga, na mpishi mgonjwa ambaye mwenyekiti hajawahi kumsikia akipumua. Mbegu zake alikuwa anamtuma mtu kuzitundika.

Nilimwendea nyumbani kwake. Nikamwomba tundu lizibuliwe, au litobolewe jingine ukutani, bomba la moshi liwekwe. Alinipa kiti, alinipa maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

“Mama Khaemba, mtu akikohoa hunywa maji. Mbegu ikiliwa, tutapanda nini?”

Nikanywa maziwa yake, nikaenda zangu. Ni maneno ambayo hayana jibu ukiwa umekaa kwenye hewa nzuri.

Muhula ule kamati ikatoa habari kwamba Jumamosi itakutana kumaliza shauri la Nafula. Kila mtu alijua kumaliza maana yake nini. Mwiko uende kwa mwingine, na binti arudi nyumbani kuchunga kuku. Nafula hakulia. Aliniuliza tu kama nadhani watamwacha mtoto amalize mwezi. Nikamwambia apike, asiulize maswali.

Jumamosi asubuhi, uji ukishaliwa, niliomba ngazi ya fundi. Nikapanda juu ya meko, nikashusha mbegu zote. Mahindi ya mzee huyu, ya mzee yule, ya mhubiri pia, meusi, yanang'aa. Nikayabeba kwa kikapu, safari baada ya safari, mpaka chumba cha kamati. Chumba kile kilikuwa kizuri, kimepakwa chokaa, kina meza na viti, dirisha moja. Nikayatundika kwenye miti ya paa, juu ya meza, kila mzee juu ya kiti chake mwenyewe. Nilizijua mbegu za kila mtu. Ningekosaje kuzijua, nilikaa nazo kuliko nilivyokaa na mume wangu. Kisha nikaleta mafiga matatu, nikayaweka sakafuni, nikawasha moto. Na nisikilizeni hapa: sikutia hata ukuni mmoja mbichi. Nilichagua zilizokauka vizuri kuliko zote. Dirisha nikalifunga, kama wao walivyoziba tundu la jikoni.

Wazee wakaja. Wakasimama mlangoni. Mzee Wekesa akauliza nani amewasha moto humu.

“Ni mimi, Mzee. Mbegu zinataka moshi, na mimi leo sina mpishi wa kuzilinda, mnamfukuza. Nimeona afadhali zikae na wenyewe.”

Wangeweza kunitoa. Wangeweza kumwaga maji. Lakini mnawajua wazee wetu. Kutoka ingekuwa kukubali kwamba moshi unashinda, na ni wao waliosema kwa mwaka mzima kwamba moshi ni kitu kidogo. Wakaingia. Wakaketi. Wakafungua kwa sala.

Mhubiri ndiye aliyeomba, na kwa kawaida sala yake ilikuwa inatosha kuchemsha maharagwe. Siku hiyo aliwaruka manabii wote akafika amina mapema. Katibu akasoma habari za kikao kilichopita kwa sauti iliyokuwa inapanda na kushuka, kisha akatoka, ati kuangalia kama punda wake amefungwa. Hakuwa na punda. Wa pili akatoka kwa haja ndogo. Wengine wawili wakakumbuka jambo moja wakati mmoja. Mhubiri akatoka bila sababu yoyote, na kwa hilo nilimheshimu. Akabaki Mzee Wekesa, peke yake mezani, chini ya mbegu zake, macho yanamwagika, anaendesha kikao.

Alikaa. Nitasema ukweli, alikaa kuliko nilivyotegemea, mpaka nikaanza kuogopa nimeua mtu. Nilikuwa nakwenda kumwaga maji mwenyewe alipotokea, ameshika mwimo wa mlango, mabega yamepanda mpaka masikioni. Akashuka mpaka kwenye ngazi za mlangoni, akaketi. Kifuani mwake mlikuwa mnapiga filimbi.

Nyuma ya pembe ya nyumba ile alikuwa ameketi Nafula, akingojea kuitwa, uso ameugeuzia ukuta kwa heshima ya mkwe wake. Hawakuonana. Lakini yeye alimsikia Mzee, na alipoanza kukohoa Mzee naye akamsikia. Filimbi mbili, moja huku, moja kule, kama watu wanaoitana. Mzee akainua kichwa. Akasikiliza. Kisha akasema nami, kwa sababu hakuweza kusema naye:

“Muulize mama huyo. Huko jikoni ni hivi kila siku?”

Sikuwa na haja ya kuuliza, alikuwa hatua chache tu. Nafula akaujibu ukuta:

“Mama, mwambie Baba, leo kuni zilikuwa kavu.”

Nilimgeukia Mzee nimpe maneno hayo, kama desturi inavyotaka. Akainua mkono, nisimpe. Alikuwa ameyasikia. Akakaa anatazama viatu vyake mpaka kifua kikamruhusu kusema.

“Mwambie asiende mahali,” akasema.

Bomba la moshi lilijengwa kabla ya mvua. Ni hilo mnaloliona, la mapipa yaliyounganishwa, limepinda kidogo kwa sababu lilijengwa na fundi yuleyule aliyeziba tundu, na kamati ikaandika shukrani tena. Wakafanya sherehe. Mhubiri akaliombea bomba. Mzee Wekesa akawaambia wageni kwamba wazo hilo lilimjia katika ndoto, na mimi nikagawa chai. Mbegu zikawekwa ndani ya mapipa mengine, zimechanganywa na jivu. Fukusi walikula kiasi, si nyingi, na wazee walilalamika juu ya kila punje mpaka mvua zilizofuata. Kisha wakapanda, na mahindi yakaota kama mahindi.

Na Nafula? Msidhani pumu ilikimbia kama pepo kwenye Injili. Ilibaki. Wakati wa kuvuna, vumbi likipanda, bado anakaa chini na kile kikopo cha unga. Lakini alikoroga ugali mpaka mwisho bila kushika mti, na binti yake alimaliza shule yote. Sasa Nafula ndiye mpishi mkuu wenu. Akiwaambia mpasue kuni na kuzikausha msimu mzima, msigunegune nyuma yake. Analijua neno analosema.

Nami nimepumzika. Asubuhi bado natema cheusi kidogo, kumbukumbu ya kazini ambayo hakuna aliyeniandalia sherehe. Lakini masikio yangu ni mazima. Nimesikia kwamba kamati mpya, vijana waliosoma, wenye tai, wanaona bomba linapitisha joto bure, na kwamba mmoja wao ana ngozi za kondoo anataka zitundikwe jikoni zikauke, kwa muda tu.

Mpelekeeni salamu zangu. Mwambieni yale mafiga matatu niliondoka nayo nilipostaafu. Yako hapa kwangu, nyuma ya mlango, na kuni zangu zimekauka vizuri.